Macho wa Paani

Alipomaliza ngazi ya mwisho alisimama kwanza apumue, akajichua shingo kwa dawa, kisha akasukuma mlango wa bati na kutokea juu ya paa. Kitambaa alichokuwa amekifunga kwenye fimbo kilining'inia tu. Upepo ulikuwa umelala. Akabonyeza redio.

"Anga safi, Mikono."

Redio ikakoroma. Hakuna aliyejibu. Ndipo alipokumbuka kwamba Mikono amesimamishwa kazi.

Yeye mwenyewe walimwita Macho, mpaka mlinzi wa getini alikuwa amesahau jina lake halisi. Kazi yake ilikuwa kutazama juu. Chini, katika chumba kisicho na dirisha, Mikono, mwanamume mpole mwenye umri wa mdogo wake wa mwisho, ndiye aliyeendesha droni za kampuni, zile zinazopeleka dawa na damu kwenye zahanati za mjini. Kanuni ilikuwa droni isiruke mpaka mtu wa paani aseme anga safi, na mtu wa paani akisema simama, isimamishwe hapo hapo hewani.

Walionana asubuhi na jioni tu, lakini mchana kutwa kila mmoja alikuwa sikioni mwa mwenzake. "Dada, jua halijakukaanga bado?" Mikono angeuliza. Naye angejibu, "Limenigeuza upande wa pili." Binti yake alipojifungua huko mbali alikoolewa, mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa Mikono, kwa redio. Nyumbani alikuwa na chumba kimoja, na tangu afiwe na mumewe hakukuwa na wa kumwambia kitu humo.

Kisha msimamizi akaleta droni ya pili, irushwe pamoja na ya kwanza.

"Mikono ni miwili, droni mbili," alisema. "Tatizo liko wapi?"

Watu walicheka. Macho naye alicheka.

Siku ya ajali upepo ulibadilika ghafla, droni moja ikaanza kusukumwa kuelekea roshani ya fundi cherehani wa jengo la mbele, aliyekuwa anaanika nguo. Macho akasema, "Simama." Mikono akajibu papo hapo, "Nimesimamisha, dada." Na kweli alikuwa ameisimamisha, ila ile nyingine, iliyokuwa mbali juu ya soko. Walipokuwa na droni moja neno hilo lilitosha. Ya pili ilipokuja, hakuna aliyefikiria kuzipa majina. Macho aliposema, "Siyo hiyo," fundi alikuwa tayari ameanguka akiikwepa droni, kifundo cha mkono kimevunjika.

Asubuhi hii msimamizi alipanda paani mwenyewe, akihema.

"Mkaguzi yuko chini. Atakuuliza kitu kimoja: ulimwambia asimamishe au hukumwambia?"

"Nilimwambia."

"Basi, umemaliza. Usianze hadithi."

"Na ile ya pili?"

"Mama, ile ya pili haikuangusha mtu."

Mkaguzi alikuwa amekaa kwenye kiti cha Mikono. Sweta la Mikono lilikuwa bado limetundikwa mgongoni mwa kiti. Alipomwona Macho akishika shingo, mkaguzi alinyanyuka akampisha akae, yeye akabaki amesimama. Macho alimshukuru kimoyomoyo. Siku hizi si wengi wanaompisha mtu kiti.

Akamweleza yote bila haraka. Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho.

"Nakuelewa, mama. Hata mimi wamenipa wilaya mbili nizunguke peke yangu."

"Basi andika hivyo. Kwamba alikuwa na mbili."

"Ninachotakiwa kupata ni aliyekosea. Ni mashine, ni rubani, au ni mtazamaji."

"Na aliyeileta ya pili?"

Msimamizi, aliyesimama mlangoni, akakohoa. Mkaguzi akatazama kalamu yake.

"Huyo hakuwa kwenye zamu."

"Basi niandike na mimi. Neno lilitoka kinywani mwangu."

"Nikikuandika wewe, mama, yeye hapati nafuu yoyote," mkaguzi alisema kwa sauti ya chini. "Mtakosa kazi wote wawili." Akafunga kalamu. Leseni ya Mikono ikawa imekwenda hivyo, kimya kimya, na watu wakatoka kwenda kula.

Getini, mlinzi alimwita pembeni.

"Ndugu yako Mikono alipita kuuliza vitu vyake. Wamemkatalia kuingia. Ameacha hii." Ilikuwa chupa ya chai, bado ya moto.

"Alisema chochote?"

"Aliuliza kama shingo bado inauma."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia inauma. Ningemdanganya ya nini?"

Macho alirudi ndani akachukua lile sweta, akalikunja vizuri, akamwachia mlinzi ampe Mikono. Kisha akapanda tena ngazi na chupa yake.

Mchana ikaja sauti ngeni redioni. Rubani mpya alikuwa mji mwingine kabisa, akiendesha kwa kompyuta. Hakusalimu.

"Paa, anga?"

"Safi."

Droni ya kwanza ikapanda ikinguruma, ikapita juu ya soko. Ng'ambo, mlango wa roshani ukafunguliwa. Fundi cherehani alichungulia kwanza, akatazama juu, kushoto na kulia, ndipo akatoka na beseni la nguo. Mkono wake ulikuwa kwenye plasta. Alianika kwa mkono mmoja, vibanio ameving'ata kwa meno. Zamani hakuwa na desturi ya kutazama juu. Alipomwona Macho, alimpungia kwa ule mkono mzima.

"Paa, narusha ya pili. Anga?"

Macho alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa. Ilikuwa na sukari nyingi, kama anavyoipenda.

"Paa, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu. Anga si safi."

"Skrini yangu haionyeshi kitu."

"Moja bado iko juu. Ikitua nitakuita."

Sauti ya msimamizi ikaingia katikati. "Macho, ruhusu hiyo droni. Hiyo kazi yako unaichezea."

"Najua, bosi."

"Nitaweka mtu mwingine hapo juu."

"Mweke. Ukimweka, mpe na kiti."

Akaiweka redio ukutani, karibu na chupa, akakaza macho kwenye lile doa jeusi juu ya soko. Upepo ulikuwa umeanza kukiinua kitambaa. Nyuma yake alisikia viatu vikipanda ngazi kwa haraka, kisha mlango wa bati ukagonga ukuta. Hakugeuka. Ile moja ilikuwa bado iko juu.