Alama Alizojipa Raili

Tatu, tatu, tatu. Safu nzima ilishuka kwenye skrini kama nyayo za mtu mmoja kwenye theluji, bila kupinda kulia wala kushoto. Jonna, mshauri wa ajira, aliifuata kwa macho hadi chini, kisha akamgeukia Raili Kemppainen aliyeketi na koti lake mapajani.

"Raili, hii fomu uliijaza, au ulisinzia ukalalia kibodi?"

"Nimeijaza vizuri tu. Walisema nijipime, moja mpaka tano."

"Na kwenye kupima antena ukajipa tatu?"

"Naifahamu kiasi."

"Kiasi! Baada ya miaka ishirini na sita!" Jonna akashika kichwa. "Sasa ndiyo nimeelewa kwa nini hupigiwi simu. Siku hizi fomu hazisomwi na mtu, zinasomwa na programu. Ukiwa chini ya nne kwenye kazi yenyewe, inakutupa kabla mtu hajaliona jina lako. Umepeleka ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Zote tatu tupu?"

Raili alilikunja upya koti lake mapajani.

Kampuni kubwa ya simu ilipofunga maabara yake, mji wa Oulu, kaskazini mwa Ufini, haukufa kama wengi walivyotabiri. Jengo lilelile sasa lilikuwa na kampuni ndogo arobaini, kila moja na sofa yake ya rangi kali, na zote zikilia kwamba hazipati wafanyakazi. Wafanyakazi nao, wenye mvi, walikuwa wakinywa kahawa nyumbani. Raili na mumewe Olavi walikuwa wamefanya kazi kwenye maabara hiyo tangu ujana. Siku simu waliyoipima wao ilipoanza kuuzwa dunia nzima, Olavi aling'ata mkate wa mdalasini akasema, "Si mbaya." Watu wanane wa kikundi chao wakashinda mchana kutwa kimya kwa furaha. Aliyejisifu zaidi ya hapo alitazamwa kama mtu aliyekuja kazini na taulo kiunoni.

Olavi alifariki Februari. Mwisho wa Septemba, kama kazi isingepatikana, Raili angehamia kwa dada yake Turku, mbali kusini, ambako kulikuwa na chumba kizuri na nafasi ya usafi hospitalini. Dada alikuwa mkarimu, na usafi ni kazi halali. Lakini kaburini kwa Olavi alikuwa akienda kwa baiskeli kila Jumapili; kutoka Turku ingekuwa siku nzima ya treni.

"Badilisha," Jonna alisema. "Weka tano."

"Huo ni uongo."

"Antti Sorvari husimulia mwenyewe kwenye mikutano yetu: alijipa tano toka juu mpaka chini bila kupepesa. Leo ni mkuu wa maabara hukohuko unakoomba."

"Antti? Antti alikuwa anachomeka waya kinyume!" Raili aliona aibu papo hapo.

Jonna alicheka. "Na nani alimwonyesha?"

"Mimi."

"Basi mwalimu tatu, mwanafunzi tano. Nieleze hesabu hiyo."

Raili aliitazama tena safu ile kwenye skrini. Jonna, mzaliwa wa hapohapo, alijua kungoja. Akanywa kahawa yake taratibu. Raili alikumbuka asubuhi moja maabarani, walipogundua kuwa kifaa kimoja kilikuwa kikisoma chini ya ukweli kwa majuma kadhaa. Mtu mmoja alisema si kitu, heri chini kuliko juu, angalau hawamdanganyi mteja. Olavi alikichomoa kifaa, akakifunga ndani ya boksi. "Kinadanganya," alisema, akakipeleka kutengenezwa.

"Nipe," Raili alisema, akaivuta kibodi.

Alikwenda mstari kwa mstari, kama anayepima. Kwenye kuandika programu aliteremka hadi mbili.

"Unashuka tena!" Jonna alimaka.

"Hiyo siijui."

Alipofika kwenye antena, uso ulimwaka. Saunani, kwenye chumba cha mvuke, angevua nguo mbele ya mtaa mzima bila wasiwasi. Hili lilikuwa kuvua ngozi. Akabonyeza tano.

Baada ya wiki mbili aliitwa. Antti alimpokea mlangoni akiwa na soksi tu miguuni, kama ilivyo desturi ya ofisi hizo.

"Raili! Mbona sikujua kama unatafuta kazi? Ungeleta maombi mapema."

"Nilileta mara mbili."

Antti aliiva masikio kwa aibu. Akaonyesha kifaa kidogo cha kuvaliwa mkononi, cha kupima mapigo ya moyo. Mezani antena yake ilirusha mawimbi vizuri. Kilipovaliwa na mtu, mawimbi yalipotea. Wiki tatu walikuwa wakihangaika nacho. "Unaweza kutuambia tatizo liko wapi?"

Maneno ya zamani yalimjia mpaka kwenye meno: tutaangalia, labda, wapo wanaojua zaidi. Akayameza.

"Naweza. Nipeni chumba mpaka saa tisa, na mtu asinisemeshe."

"Mama we! Umesema kama Olavi."

"Hapana," alisema Raili. "Olavi angeomba mpaka kesho."

Mlangoni mwa chumba cha vipimo alisimama. Metali yoyote mkononi ingeharibu usomaji. Alivua saa. Kisha akashika pete ya ndoa, ambayo haikuwa imetoka tangu mazishi. Ikagoma kwenye kiungo cha kidole. Aliilowesha kwa mate, akaizungusha polepole, ikatoka. Antti alitafuta pa kuiweka, akachukua kisahani cha kahawa, akakifuta kwa mkono wa sweta yake, akamshikia Raili kwa mikono miwili.

Raili aliiweka pete, akaingia, akavuta mlango mzito. Kuta zenye miiba ya sponji, ya kunyonya mawimbi, zilimeza pia kila sauti ya nje. Ikabaki moja tu, ya moyo wake mwenyewe, ukidunda kwa nguvu. Alikivaa kile kifaa mkononi, akaanza kupima.