Mtu wa Njia, Karatina hadi Kiganjo

Mwaka wa 1974, likizo ya Agosti, nilikuwa mwandishi wa Chama cha Reli Ndogo cha Karatina. Nalisema hili kwa huzuni, kama mtu anavyokiri kwamba aliwahi kuugua upele. Sikuomba cheo hicho. Mama alikuwa amewatangazia watu sokoni kwamba mwanawe Mutahi, wa shule ya bweni, ana mwandiko kama wa kitabu; na mwandishi wa kwanza wa chama alikuwa amejiuzulu baada ya kuoa na kupata akili.

Wanachama walikuwa watatu. Mwenyekiti, Mzee Nderitu, alishika bendera na taa za stesheni miaka thelathini, na siku aliyostaafu hakuna aliyeweza kumshawishi kwamba amestaafu. Mwalimu Gatimu alikuja kwa baiskeli kutoka Wamagana kila Jumamosi, vilima vyote vile, ili acheze na treni yenye urefu wa muwa. Mama Kabura, fundi wa cherehani, alishona abiria.

Tulikutana saa nane mchana katika chumba cha nyuma cha jumba la mikutano. Humo ndimo ilimokuwa meza. Juu yake ilipita reli moja, kutoka stesheni ya Karatina upande huu hadi stesheni ya Kiganjo upande ule, na treni moja yenye mabehewa mawili ambayo mzungu mmoja mwenye shamba aliiacha alipohama. Iliendeshwa kwa betri ya gari. Lakini kabla haijasogea hata inchi moja, desturi ilitaka kila mwanachama asimame aeleze maendeleo yake ya wiki, nami niandike.

"Mwenyekiti," alisema Mwalimu Gatimu, "mlima umepata hasara."

Alikuwa amejenga Mlima Kenya kwa magazeti ya zamani na uji wa ngano.

"Panya wamekula kilele cha Batian chote. Nelion wamebakisha nusu."

"Pole, Mwalimu," alisema Mzee. "Na theluji?"

"Theluji hawakugusa. Ni chokaa."

Mama Kabura naye akaweka mezani wanawake wawili wa kitambaa, kila mmoja na gunia la viazi mgongoni. Mzee Nderitu akavaa miwani, akawakagua.

"Mama Kabura, hawa ni wakubwa. Hawawezi kuingia kwa mlango ya behewa."

"Kwani umewahi kuona mama wa Karatina akishindwa kuingia kwa treni?"

Mzee alifikiri, akakubali kwamba hajawahi. Kisha akasimama yeye mwenyewe, akakohoa.

"Wiki hii nimepaka lami mataruma kumi na nne ya chini ya reli."

Wakapiga makofi. Niliandika, *mataruma kumi na nne*, nikapigia mstari kwa rula, nikamwomba Mungu anichukue.

Jambo moja tu la maana lilitokea mkutano ule, nalo lilikuwa barua. Baraza la mji liliandika kwamba makundi mawili yanataka chumba kile: chama chetu, na vijana wa mji waliotaka mahali pa kuchezea dansi. Afisa wa ustawi wa jamii, Bwana Barnabas Khavere, angekuja Jumamosi iliyofuata kuona treni ikienda. Akiridhika, chama kingebaki. Asiporidhika, chumba kingeondolewa vitu vyote kabla ya mwisho wa mwezi.

Hapa nieleze habari ya meza. Mzee Nderitu aliijenga ndani ya chumba kile kwa miaka minne, ubao kwa ubao, na mwaka wa nne ndipo alipopima mlango. Mtu aliyepima kila taruma kwa rula hakupima mlango! Meza ile isingetoka humo ila kwa msumeno. Nilipomaliza kusoma barua, mzee aliweka mkono kwenye ukingo wa meza, vile mtu anavyomwekea mkono ng'ombe anayepelekwa sokoni.

"Wakiikata," alisema, "mimi sitatengeneza ingine. Niko na miaka sitini na nane."

Nilisikitika kwa heshima zote. Kisha nikaenda kumpa rafiki yangu Wahome habari njema, kwa maana kwa siri nilikuwa pia katibu wa vijana wa dansi. Wahome alikuwa na gramafoni na sahani saba za muziki wa Kongo. Barua zote mbili za kuomba chumba nilikuwa nimeziandika mimi, na ile ya dansi niliiandika kwa bidii zaidi.

"Sasa tutafanya nini?" aliuliza Wahome.

"Hakuna cha kufanya," nikamwambia. "Nitaondoa kitu kimoja kidogo, na hao watajimaliza wenyewe."

Kitu hicho kilikuwa kisahani cha shaba, kipana kama kifuniko cha kopo, kilichotundikwa kwenye msumari juu ya stesheni ya Karatina. Katika reli ya kweli yenye njia moja, dereva haruhusiwi kuondoka stesheni bila kupewa kisahani cha njia ile. Kisahani ni kimoja, kwa hiyo treni mbili haziwezi kukutana uso kwa uso. Ni mpango mzuri kwa treni za tani mia tatu. Chama chetu kiliufuata kwa treni ambayo paka angeweza kuipindua.

Jumamosi ilipofika nilitangulia, nikakitoa kisahani msumarini, nikakitia ndani ya soksi yangu ya kulia.

Bwana Khavere alikuja saa nane na robo, mtu mnene mpole kutoka magharibi, koti limelowa manyunyu, akilaani baridi yetu kwa adabu. Aliketi kwenye sanduku. Nje ya dirisha Wahome na vijana wanne walibandika pua zao kwenye kioo. Maendeleo yakasomwa, Batian ilikuwa imejengwa upya. Kisha Mzee Nderitu, amevaa kofia yake ya zamani ya kazi, akanyoosha mkono msumarini, akakuta msumari.

Walitafuta chini ya meza, nyuma ya betri, ndani ya mlima. Mama Kabura alikung'uta abiria mmoja mmoja. Mimi nilitafuta kuliko wote, hadi nikatoka jasho.

"Mzee," alisema Bwana Khavere baada ya muda, "si uwashe tu? Treni ni moja."

"Ndiyo, Bwana Ofisa. Ni moja."

"Basi itagongana na nani?"

Wote watatu wakamtazama kwa huruma, kama mtu aliyesimama kanisani akauliza Yesu ni nani.

"*Leo* ni moja," alisema Mama Kabura.

Nilifurahi kupita kiasi. Wahome dirishani alikuwa tayari akinengua kiuno. Ndipo Mzee Nderitu akavua miwani, akaifuta, na kusema maneno ambayo sikuwa nimeyategemea.

"Kisahani ikipotea, kuna kanuni. Mtu ndiye anakuwa kisahani."

Akaeleza. Wakuu wa stesheni mbili huandikiana barua kwamba kisahani hakipo. Wakikubaliana, humteua mtu mmoja, humfunga kitambaa chekundu mkono wa kushoto, na mtu huyo ndiye njia. Treni haiendi asipokuwa nayo.

"Niandikie, Mutahi," aliniambia. "Kwa Mkuu wa Stesheni, Kiganjo."

Mkuu wa Stesheni, Kiganjo, alikuwa Mwalimu Gatimu, aliyesimama hatua tatu kutoka hapo akisikia kila neno. Hakujibu. Kiganjo haiwezi kusikia Karatina. Nilibeba barua kuzunguka meza, akaisoma kana kwamba ni habari mpya, akashtuka, akaniamuru niandike jibu. Barua zilikuwa sita. Mwalimu alikataa ya nne kwa sababu haikuwa na saa. Mama Kabura alimpa Bwana Khavere chai ya chupa na nduma mbili za kuchemsha. Alikula ya kwanza kwa mshangao, ya pili kwa kukata tamaa.

"Na huyo mtu wa njia ni nani?" aliuliza hatimaye.

"Mimi siwezi kuacha stesheni," alisema Mzee. "Mwalimu hawezi kuacha stesheni. Mama Kabura ndiye gadi, anachunga abiria. Amebaki mwandishi."

Nilitia sahihi maneno niliyoyatunga mwenyewe kwa mwandiko ule mzuri: kwamba kisahani kimepotea, kwamba mimi, Mutahi, ndiye mtu wa njia, na kwamba nitaendelea kuwa hivyo mpaka kisahani kitakapopatikana na wakuu wote wawili kukubali kwa maandishi. Mama Kabura akanifunga kitambaa, akakaza fundo kwa meno.

Kengele ya baiskeli, ambayo ndiyo ilikuwa kengele ya stesheni, ikalia. Niliweka kidole juu ya behewa la mwisho, kama kanuni ilivyotaka, nikainama, nikaisindikiza treni kando ya meza huku shaba ikinikata kisigino kila hatua.

"Mutahi!" Wahome alipiga kelele dirishani. "Piga honi, Mutahi!"

Tulipita chini ya Batian. Tulifika Kiganjo. Watatu wale walipiga makofi kana kwamba tumeleta mvua.

Bwana Khavere aliinuka, akafungua dirisha.

"Nyinyi wa dansi. Mkubwa wenu ni nani?"

Vijana walitazamana. "Ni sisi sote," alisema Wahome.

"Nikiwapa chumba, ufunguo itakaa na nani?"

"Itakaa tu, Bwana."

"Na kioo ikivunjika?"

"Haitavunjika." Wahome alinitazama. "Kuna katibu," alisema polepole. "Sisi tuko na katibu."

"Ni nani?"

Nilikuwa nimefungwa kitambaa chekundu, kidole kikiwa juu ya behewa. Ningeweza kusema. Nilitazama dari, nikaona ina madoa mengi ya mvua. Wahome alisubiri, kisha akasema hayuko, ameenda shule.

Bwana Khavere akafunga dirisha.

"Wazee wangu," alisema, "nimekaa hapa saa moja na nusu kuona kitu ya watoto ikienda futi kumi. Sijui inasaidia nani. Mungu ndiye anajua. Lakini hapa kitu ikipotea, watu wanaandika, na kuna mtu anaweka jina yake. Ofisini kwangu taipureta ilipotea mwezi wa nne. Mpaka leo hakuna hata mtu moja amesema ilikuwa kwake." Akatoa kalamu. "Kaeni na chumba yenu."

Alitia sahihi, akaomba nduma ya tatu ya njiani, akaondoka. Mwalimu alitoka nje, nikamsikia akipenga kamasi kwa nguvu. Mzee Nderitu aliketi kwenye sanduku, akavua kofia. Alifuta ukingo wa meza kwa mkono wa koti lake, upande mmoja, halafu upande wa pili, ingawa hapakuwa na vumbi. Nilidharau sana jambo lile, nikageuka nisilione.

Kisha akavaa kofia tena, akapanga kazi.

"Sasa tuko na mtu. Hiyo ni afadhali kuliko shaba. Mutahi, andika: treni nne leo, na nne kila Jumamosi, mpaka shule yako ifunguliwe."

"Mzee," nikasema, "labda tukitafuta tena..."

"Ikipatikana ni sawa. Aliyeipata ataandika taarifa: ameipata wapi, saa ngapi, ilifikaje huko. Nakala moja itaenda kwa Bwana Ofisa."

Nilipima jambo hilo kwa makini yote ambayo elimu yangu ya bweni iliniwezesha. Zilibaki Jumamosi tatu. Treni kumi na mbili, juu ya hizi za leo. Dirishani hapakuwa na mtu tena. Walikuwa wamekwenda kutafuta chumba kingine, na gramafoni yao, na hawakuniaga.

"Kiganjo iko tayari?" aliuliza Mzee Nderitu.

Kiganjo, iliyokuwa imerudi kutoka nje ikiwa na macho mekundu, haikusikia. Ilibidi niandike barua. Kengele ikalia, nikainama, nikaweka kidole juu ya behewa, tukaondoka Karatina kwa mara ya pili. Tulichelewa dakika tatu, na Mwalimu aliniamuru niliandike hilo pia, na sababu yake.