Alama ya Njano

Watu wa hapa wanasema nina hasira za karibu. Sawa, ninazo. Nimeendesha basi la vijiji vyetu maisha yangu yote ya kazi, na basi haliendeshwi na mtu mpole. Lakini Gebhard Nägele nisingemgeuzia uso kwa jambo dogo. Huyu ndiye baba wa ubatizo wa binti yangu. Amekula mezani kwangu Krismasi zisizo na idadi. Leo nikimwona anakuja na mkate wake kwapani, navuka barabara, na akiniita "Rosi" najifanya kiziwi.

Ngoja nieleze, maana kijijini kila mtu ana lake la kusema.

Baba yangu, Ottmar, alikuwa na gereji hapahapa, chini ya milima ya Alb, mpaka macho yalipomgomea. Mimi ni mtoto wake wa pekee. Nilipokuwa msichana nilimwomba anifundishe kazi. Akacheka. "Gereji si mahali pa msichana," akasema. "Wewe shika taa." Basi nikashika taa. Miaka yote nilisimama pembeni na taa mkononi, nikimmulikia kijana aliyemchukua kumfundisha, na kijana huyo ndiye Gebhard.

Pale gerejini palikuwa na sheria moja ambayo hata sasa mafundi wa magari ya zamani huku kwetu wanaifuata. Aliyefungua ndiye anayefunga, na akishakaza nati anaipaka mstari mdogo wa rangi yake. Rangi ya baba ilikuwa nyeupe, ya Gebhard njano. Mstari ukishawekwa, hakuna mtu mwingine anayepeleka spana hapo. Sisi watu wa huku hukaguana hata nani kafagia ngazi vizuri na nani kaacha jani, lakini kupitisha spana juu ya alama ya mwenzako ni kumwita mwongo mbele za watu. Mimi sikuwa na rangi. Mshika taa rangi ya nini?

Baba alipokwenda kuishi kwenye nyumba ya wazee, aliniachia gari lake, lile la rangi ya maziwa alilolinunua jipya mwaka niliozaliwa. Lilikuwa limelala ghalani miaka mingi, panya wamezaa kwenye viti. Nikamwambia nitalifufua. Akasema, "Nilisikie likinguruma mara moja tu, Rosi. Likinguruma vizuri, nitajua nimeacha fundi nyumbani."

Nimeacha fundi nyumbani! Maneno hayo niliyangoja tangu utotoni. Siku hiyohiyo nilikwenda dukani nikanunua kikopo cha rangi nyekundu.

Injini niliishusha mwenyewe. Pistoni, valvu, mnyororo, vyote nilivifungua, nikavisafisha, nikavifunga upya na kuvitia wekundu wangu. Gebhard alikuja Jumamosi na utani wake. "Taratibu, dereva wa basi, hapo hakuna abiria wa kuwashusha!" Tukacheka. Nilimpenda, mjinga mimi.

Ikabaki kazi ya nozeli. Injini hizo hazina kabureta. Pampu inasukuma petroli mpaka kwenye nozeli sita, na kila nozeli imekalia sili, pete ya raba inayoziba upepo. Sili ikichakaa, upepo unapenya pasipotakiwa, injini inakohoa na kutetemeka, na petroli inavuja. Ubaya zaidi, petroli ya siku hizi inachanganywa na pombe, na pombe hiyo inatafuna raba za zamani. Sili zangu zilikuwa nyeusi, zimebanjuka, ngumu kama ganda la mkate wa juzi. Zipo mpya za raba isiyoogopa pombe, rangi yake kijani, lakini za injini hii anazitengeneza mzee mmoja tu upande wa pili wa mto, na ukimharakisha anakupeleka mwisho wa foleni. Nilizingoja majira ya baridi yote.

Zilipofika, Gebhard alizipindua kiganjani, akazitazama sana.

"Nozeli niachie mimi," akasema. "Mzee wako alinitoa machozi kwenye nozeli hizi. Mkono wangu unazijua."

"Nilizifungua mimi, sheria inataka nizifunge mimi. Lakini haya, chukua. Ila ukizikwaruza nitakula nyama yako."

"Nyama yangu ngumu, Rosi."

Jumamosi ile nilikuwa na zamu ya basi. Niliporudi jioni kazi imekwisha, nozeli zote sita zimekazwa, na kwenye kila nati pana mstari wa njano, mnyoofu. Nikamkumbatia. Nikamwekea maultaschen kwenye supu, zile tambi za kukunjwa zenye nyama na mchicha ndani, akala sahani mbili na kulamba kijiko.

Baba alipotimiza miaka tisini tukamleta nyumbani kwa kiti cha magurudumu. Majirani walikuwepo, na mvinyo wa matofaa, na saladi ya viazi. Mimi nilikuwa nimepanga keki tu. Lakini mzee hakutaka keki.

"Gari liko wapi? Nisukumeni huko. Mliwashe."

Gebhard akaweka glasi chini. "Mzee, si tungoje wiki mbili tatu? Injini bado haijatulia."

"Ngoja wewe mwenye umri wa kungoja."

Watu wakacheka. Nikaingia, nikageuza ufunguo. Likashika. Moyo ukanipaa! Halafu likaanza kukohoa. Likatetemeka mpaka vioo vikagongana, harufu ya petroli ikajaa ghala, likazimika. Nikawasha tena, likatoa moshi, likazimika tena. Baba akainua mkono.

"Basi. Nani kaifunga hii?"

"Mimi, baba. Mimi na Gebhard."

"Gebhard nilimfundisha mwenyewe," akasema. "Hii ni mikono yako, Rosi. Una pupa, tangu mtoto. Si nilikwambia ushike taa?"

Mbele za watu. Siku ya watu kunywa na kucheka. Nilitaka ardhi inimeze. Na Gebhard, aliyejua kila kitu, akanijia akaniwekea mkono begani, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Usijali, Rosi. Humtokea kila anayejifunza."

Anayejifunza! Na mimi nikamshukuru. Nilimshukuru, jamani.

Baada ya siku ile nilikuwa nikitoka kwenye basi naingia ghalani. Nilivunja alama zangu nyekundu moja baada ya nyingine, nikafungua kila nilichokifunga, nikapima, nikafunga tena. Sikuona kosa. Nikaanza kuamini kwamba baba kasema kweli, kwamba mikono yangu ina kasoro nisiyoiona mwenyewe. Zile nati za njano nilizipita kama nipitavyo mbele ya altare. Haikunijia hata kuzigusa.

Mwishowe nikafanya jambo ambalo fundi hufanya akitafuta upepo unakoingilia. Niliiwasha ikitetemeka vilevile, nikachukua kopo la dawa ya kuwashia injini, nikapuliza kidogo kidogo kila penye kiungo. Hapa kimya. Pale kimya. Nilipopuliza kwenye nozeli ya kwanza, injini ikapandisha sauti. Ya pili, ikapandisha. Zote sita zilikuwa zinapitisha upepo.

Nilizima, nikakaa juu ya tairi. Nilimtetea, Mungu ni shahidi. Labda sili zimekaa vibaya. Labda zilikunjwa. Kisha nikachukua spana na kuuvunja mstari wa njano, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa mtu, nikaing'oa nozeli.

Sili ilikuwa nyeusi. Imebanjuka, ina nyufa. Ilikuwa ni ileile niliyoitoa kwa mikono yangu na kuitupa kwenye ndoo ya takataka. Alikwenda ndooni akaiokota, akaifuta, akairudisha, kisha akachovya brashi yake na kupaka mstari mnyoofu juu yake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikilisikia neno hili nikidhani ni la watu wengine.

Jumapili iliyofuata klabu ya magari ya zamani ilikuwa na matembezi yake ya mwaka, na magari yalipangwa kwenye uwanja wa kanisa, boneti wazi, watu wakizunguka na soseji mikononi. Gebhard ni mwenyekiti. Gari lake ni la aina ileile kama letu, la buluu, na kiangazi kilichopita lilimwaibisha kwa kuvuja njia nzima. Safari hii lilikuwa linapumua bila hata mtetemo, naye amesimama kando yake amevaa kofia ya sherehe.

Niliinama juu ya injini. Chini ya nozeli, ukingo mwembamba wa kijani ulikuwa unachungulia.

"Sili hizi umezipata wapi, Gebhard?"

Uso ukamshuka. "Rosi, twende pembeni."

"Pembeni ndiko ulikonimaliza. Sema hapahapa."

Watu wakaacha kutafuna. Yeye akashusha sauti. "Nilitaka kuzirudisha baada ya leo. Haki ya Mungu. Mwenyekiti mzima anavuja petroli mwaka wa pili mfululizo, watu wataniweka wapi? Nikajua wewe huwashi kabla ya kiangazi. Nani angedhani mzee atasema liwashwe siku ile?"

"Uliweka alama yako."

"Niliweka, ndiyo."

"Juu ya sili zilizokufa."

"Rosi, ni raba tu! Usifanye raba kuwa mazishi."

"Na uliposimama ukimsikiliza baba ananitukana, ile nayo ilikuwa raba?"

Akaivua kofia, akaitazama ndani yake. Nikamwambia sitaki radhi yake, wala sitaki maua. Nataka mambo mawili. Sili zangu, na aende kwa baba akamwambie ukweli kwa mdomo wake.

"Nitakwenda," akasema. "Mimi si mtu mbaya, Rosi."

Sili alizileta kesho yake, akaziacha mlangoni ndani ya kopo la tumbaku. Nilizikagua kwa kioo cha kukuzia, zilikuwa nzima. Nikazipaka mafuta, nikaziweka moja moja, nozeli zikaingia zikakaa. Nikakaza, nikapaka nyekundu. Kwenye kila nati palipokuwa na njano, nilikwangua mpaka chuma kikang'aa kabla ya kuweka rangi yangu. Nikawasha. Loo, sauti ile! Nililia peke yangu ghalani na sioni haya kusema.

Wiki ileile nikakutana na Gebhard dukani kwa mwoka mikate. "Nimekwenda kwa mzee," akaninong'oneza. "Nimeshazungumza naye. Tumeelewana vizuri." Nikaitikia kwa kichwa. Nikasema moyoni, walau hilo kaliweza.

Nikalipeleka gari mpaka kwenye nyumba ya wazee. Muuguzi akamsukuma baba hadi uani na blanketi magotini. Haoni tena ila mwanga na giza. Nikafungua boneti karibu naye, nikawasha.

Lilinguruma taratibu, sawasawa, bila kukohoa hata mara moja. Baba akainamisha kichwa upande kama alivyokuwa akifanya gerejini. Nikangoja. Jamani, nilikuwa nimengoja tangu nikiwa na misuko miwili ya nywele.

"Gebhard ni mtu mwema," akasema.

Nikadhani sikusikia. "Nini, baba?"

"Alikuja na keki. Aliniomba nikusamehe. Akaniambia, mzee, usimkasirikie Rosi, alitia zile sili za zamani kwa pupa, mimi nitamrekebishia." Akatabasamu. "Naye kweli karekebisha."

Nilishika ukingo wa gari. "Baba, nisikilize. Hii nimeifunga mimi. Peke yangu. Sili za zamani aliziweka yeye, akachukua mpya kwenye gari lake. Muulize mtu yeyote kwenye klabu."

Uso wake ukafanya ukali kidogo, ule wa zamani. "Mwanangu, fundi hamsingizii mwenzake."

"Sisingizii! Lete mkono." Nikaushika mkono wake, nikaupeleka kwenye nati ya nozeli, palipokuwa na mstari wangu mwekundu. Akapapasa kwa kidole gumba, polepole, akaizunguka nati yote. Rangi haipapasiki.

"Imekazwa vizuri," akasema. "Hii ni mikono niliyoifundisha mwenyewe." Kisha akanitafuta, akanipigapiga mkono, kwa upendo kabisa, upendo ambao hajawahi kunionyesha mbele ya injini. "Mpe asante yangu. Na wewe pia, Rosi. Najua ulimshikia taa."

Muuguzi akasema wazee wengine wamelala, kelele zinatosha. Nikazima injini.