Wimbo Ulioimbwa Mara Mbili

Pembe ya kwanza ililia, ya pili ikajibu, na Khamisa, aliyekuwa amekunja miguu mkekani, akahisi kama mtu amemmwagia maji ya baridi mgongoni. Mahadhi yale aliyajua. Aliyajua kabla hayajafika mstari wa pili, kama mama ajuavyo kikohozi cha mwanawe nyuma ya ukuta.

Ulikuwa wimbo wake.

Lakini waimbaji hawakuwa wenzake. Walikuwa kina Sheikha, chama cha upande wa bwana harusi, wamesimama safu moja uani kwa leso za sare, wakigonga pembe za nyati kwa vijiti, kama vugo linavyopigwa Malindi yote. Maneno yalikuwa mengine. Mahadhi yalikuwa yaleyale: yanapanda palepale, yanakatika palepale, kisha yanashuka polepole kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

Siku arubaini Khamisa na wenzake walikuwa wamejifunza wimbo huo milango imefungwa, wamtoe nao biarusi, Hindu, mjukuu wa Bi Zuleikha. Na Bi Zuleikha ndiye mkubwa wa chama chao. Aligeuka taratibu, akamtazama Khamisa, mtungaji wake kwa miaka ishirini na miwili.

"Khamisa. Umewapa?"

"Wallahi sikuwapa, Bi."

"Basi wameuokota njiani."

Zamu yao ilifika, na wimbo mwingine hawakuwa nao. Wakaimba. Hawajafika kwenye kibwagizo, ua mzima ulikuwa kicheko.

"Jamani, kasuku hawa!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Wapeni karanga!"

Khamisa aligonga mpaka mwisho, haoni pembe wala mkono.

Wageni walipoanza kutawanyika, Bi Zuleikha alinyoosha kiganja, akaichukua ile pembe. Ilikuwa na mahali palipolainishwa na kidole gumba cha Khamisa, pakang'aa kama kauri.

"Ijumaa baada ya sala njoo uniambie wimbo umetokaje. Ukija mikono mitupu, pembe hii itapata mwenyewe mwingine."

Pembe aliichukua. Kijiti alikisahau. Khamisa alirudi nacho nyumbani, kimefungwa kwenye pindo la leso.

Khamisa alikuwa mjane, akila kwa sindano. Alishona kofia za vito, zile za kutarizi kwa vitundu, na ungemwekea kofia kumi mbele yake angekwambia hii ya fulani, hii ya fulani, kwa jinsi vitundu vilivyobanwa uzi. Wimbo, lakini, una mkono gani? Asubuhi ya pili hakushona. Alivaa buibui akaenda kwa Sheikha.

Sheikha alikuwa uani, juu ya mbuzi, akikuna nazi. Alipomwona alitupa kifuu.

"Umekuja! Mwizi ana miguu!"

"Mwizi nani? Wimbo nimeutunga mimi, nikishona kofia."

"Na mimi nimeutunga hapahapa, juu ya mbuzi hii. Nikuletee msahafu niape?"

"Lete."

"Nina udhu gani mimi, mikono yote nazi!"

Khamisa ndiye aliyepoa kwanza.

"Ulikujia saa ngapi?"

"Asubuhi na mapema. Ulikuja wenyewe tu. Na wewe?"

"Asubuhi. Ulikuja wenyewe."

"Hodi!" Alikuwa Randu, mchukuzi wa maji, mtu wa Marafa mwenye mvi kidevuni. Tangu mabomba ya mtaa yalipoanza kukohoa hewa, yeye na mkokoteni wake ndio waliozinywesha nyumba zote za hapo. Aliingia na debe begani, akawaamkia, akaenda penye mtungi mkubwa, akainama. Na maji yalipoanza kuanguka, naye akaanza kuvumisha, mdomo umefungwa, kama afanyavyo kila asubuhi, kila nyumba.

Yalipanda palepale. Yakakatika palepale.

Sheikha alijiziba mdomo kwa kiganja chenye machicha. Khamisa alikaa chini bila kuangalia anakaa wapi.

"Randu," alisema, "huo umeutoa wapi?"

"Upi, Bi?" Hakuwa na habari kwamba anaimba.

"Huo wa puani."

"Ah! Ni wa mayo, mama yangu. Tuliuimba tukimzika, mwaka jana."

Tone lilidondoka kutoka kwenye debe, likafuata jingine.

"Ya Rabbi," Sheikha akanong'ona. "Tumemtoa biarusi kwa wimbo wa mazishi. Tena mara mbili!"

Randu aliweka debe chini. "Siku ya harusi nilikuwa naleta maji kule, nikausikia nyuma ya ukuta. Mnauharakisha, lakini ni wenyewe."

Khamisa alingoja lawama.

"Mayo alizikwa na watu tisa, Bi. Ilikuwa njaa, watu wametawanyika. Harusini waliomwimbia sijui walikuwa mia ngapi. Nilikaa pale nje mpaka mkamaliza. Kina Bi Sheikha, kisha nyinyi."

Akainua debe, akatoka kufuata jingine.

Ijumaa Khamisa alimkuta Bi Zuleikha amekaa kitandani, pembe iko juu ya mto. Kando yake alikuwa Hindu, amekuja kuwaamkia wakubwa, hina bado nyekundu viganjani, anacheka.

"Haya. Umetokaje?"

Maneno machache yangetosha, na Sheikha aliahidi kumtolea ushahidi. Lakini Bi Zuleikha huyu aliwahi kuvunja safari kwa sababu bundi alilia. Akiyasikia, kila kichwa kitakachomuuma Hindu, kila mimba, atakuwa anasikia mazishi. Khamisa aliitazama hina.

"Bi, nitege kitendawili?"

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Tega."

"Kimeingia nyumba mbili asubuhi moja, hakikubisha hodi, na kila mwenye nyumba akadhani amekizaa yeye."

"Paka!" Hindu akasema.

"Sicho."

"Nzi?"

"Sicho."

Bi Zuleikha hakucheka. "Tumeshindwa. Chukua mji."

"Nipe."

"Malindi."

Walingoja jibu, kwani aliyepewa mji hudaiwa jibu.

"Nimekwenda Malindi," alisema Khamisa, "nikarudi mikono mitupu."

Bi Zuleikha akaisukuma pembe upande wa pili wa mto, mbali na Khamisa.

Jumamosi asubuhi Randu alileta maji kwa Khamisa. Aliyamimina kimya, kwani tangu siku ile alikuwa akijichunga. Khamisa alikuwa mlangoni, kofia gotini, sindano haiendi.

"Randu. Wimbo ule una maneno?"

"Unayo, Bi. Ya kwetu."

"Basi imba, usiuharakishe."

Khamisa alilivuta lile debe tupu, akalipindua mbele yake. Akafungua pindo la leso, akatoa kijiti, akakishika juu ya bati bila kuligusa, akimtazama Randu mdomoni.