Kidato cha Thelathini na Moja

Kila asubuhi saa mbili na nusu, kabla jua halijawa kali, Buthaina aliwakusanya wageni mbele ya lango la ngome ya Sidra, juu ya kilima karibu na Yiti, huko Uarabuni, akawapa nasaha zilezile. Wavae viatu visivyoteleza. Wachukue maji, maana juu hakuna duka. Wainame kwenye mlango mdogo, uliojengwa hivyo ili adui atangulize shingo. Kisha aliwaonesha matundu ambamo walinzi wa zamani walimwaga asali ya tende iliyochemka, na kuta za mawe na saruji ya udongo wa kuchoma, unene wake dhiraa tatu. Mwisho aliwaambia kuwa ngazi ya mnara ina vidato arobaini na nne.

Jumatatu moja ya mwezi wa pili mgeni alivihesabu akapata arobaini na tano. Buthaina akavihesabu mwenyewe. Kilichoongezeka kilikuwa cha thelathini na moja kutoka chini. Kilikuwa kimelika katikati kama vingine, ila kilikuwa na joto.

Ayman, msimamizi wa ngome, alipanda kukitazama.

"Basi ni arobaini na tano," alisema, akampigia simu mchapaji arekebishe kijitabu cha wageni.

Siku moja kabla ya Jumatatu hiyo, fundi wa lipu aitwaye Kamau, Mkenya, alikuwa akikarabati dari ya mnara juu ya jukwaa la mbao, bila mkanda wa kumshika. Ubao ulivunjika. Buthaina alikuwa chini ya ngazi. Alimwona akianguka, na aliona kwamba hakufika chini. Mafundi walimtafuta mpaka alasiri, wasipate mtu wala tone la damu. Mkuu wa mafundi akaandika kwamba Kamau alikuwa ametoroka kazini tangu wiki iliyopita. Akamletea Buthaina karatasi ya kusema kuwa hakumwona mtu. Mkataba wake Buthaina ulikuwa umebakisha mwezi mmoja kabla ya kufanywa upya. Akatia saini.

Ijumaa alikuja mke wa Kamau. Jina lake Shiro, na kazi yake ilikuwa kupiga pasi kwa dobi mmoja huko Mabela. Alikuwa amezunguka kila mlango aliouweza, na kila mlango ulimjibu kwamba mumewe ni mtoro. Alipanda ngazi polepole. Kwenye kidato cha thelathini na moja akaketi, asiinuke kwa saa nzima.

"Ni yeye," alimwambia Buthaina. "Hata akilala huwa na joto hivi, mpaka namsukuma."

"Naam," Buthaina akasema.

Shiro akawa anakuja kila Ijumaa. Alivua viatu, akaketi, akamweleza Kamau habari za mtoto wao aliyeachwa Murang'a, kwamba ameng'oka jino, kwamba amekataa kulala kwa shangazi. Buthaina akaongeza nasaha moja kwa wageni: siku ya Ijumaa, wakifika kidato hicho, wapite upande wa ukutani.

Ijumaa ya nne Buthaina aliketi kando yake.

"Mwenzangu, nna neno. Mumeo hakutoroka. Alianguka mbele ya macho yangu, na nkatia saini kuwa sikumwona."

Shiro alikipapasa kidato.

"Mama yake ananipigia kila siku," alisema. "Ananiuliza ni mwanamke gani amemchukua mtoto wake. Sitaki kitu kingine, dada. Nataka tu waandike alikuwa kazini."

Jumapili Buthaina alikwenda ofisi ya kazi ya serikali. Afisa alimkaribisha kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho, akafungua jalada. Barua ya Ayman kuhusu kidato kipya ilikuwemo, imepigwa muhuri.

"Kidato hatuna shaka nacho," alisema. "Lakini mtu aliyetoroka tarehe ishirini hawezi kuanguka tarehe ishirini na saba. Na wewe hukumwona. Saini yako hii hapa."

Buthaina aliitazama. Ilikuwa yake.

Mwezi uliofuata Shiro aliamua kurudi kwao. Ijumaa yake ya mwisho alikuja na utepe wa kupimia, akakipima kidato: sentimita mia moja sabini na mbili, kimo cha Kamau. Akaandika kiganjani. Kisha akajilaza juu yake kwa ubavu, kama mtu anayelala ukingoni mwa kitanda asimwamshe mwenzake, na Buthaina akawazuia wageni chini mpaka alipoinuka.

Murang'a walizika sanduku la vipimo hivyo, ndani wakiweka koti la Kamau. Mama yake hakufika kaburini. Alisema hazikwi mwanaume anayeishi na mke mwingine Uarabuni.

Mwezi wa tano barua iliyoandikiwa Kamau ililetwa ngomeni, kwa kuwa hakuna anwani yake nyingine iliyojulikana. Ayman alimkabidhi Buthaina. Ilisema kwamba kwa kosa la utoro ameondolewa kazini, na haruhusiwi tena kuingia nchini. Buthaina akapanda nayo mpaka kidato cha thelathini na moja, akaketi, akamtafsiria neno kwa neno, maana ilikuwa ya Kiarabu na Kamau hakukijua.