Usiachie Mpaka Nikwambie

Jumapili moja, baada ya misa ya kwanza, Kasimiri alikuwa amechuchumaa uani kwake Temeke akikoroga sherisi, gundi ya mafundi seremala. Aliipika ndani ya kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, na harufu ya kwato ikaenea mpaka kwa majirani. Pembeni kililala kiti cha mninga alichokiunda mwenyewe jioni akitoka kazini. Mguu wa nyuma ulikuwa umechomoka. Kosa lilikuwa lake: ulimi wa mbao unaoingia kwenye tundu la mguu aliukata mfupi, kisha akaziba nafasi kwa unga wa mbao, akidhani nani atajua. Kiti kikajua. Na ndicho kiti pekee cha maana alichokuwa nacho.

Mchana huo wangekuja Mwalimu Kamugisha na shangazi yake, Kokushubila, watu wa Bukoba, kuitazama nyumba atakayoolewa Felicitas. Felicitas alikuwa dada yake Mwalimu, na Kasimiri, karani wa bandarini mwenye soksi ndefu na kaptula iliyonyooka pasi, alimpenda mpaka chakula hakipandi. Wakwe hao alikuwa ameshawaambia kwamba mama yake alikufa zamani.

Ulimi hauna mfupa. Siku alipoulizwa habari za wazazi, alimwona mama yake kama aliyesimama pale pale, chale mashavuni na ndonya ya mpingo kwenye mdomo wa juu, ile ambayo vijana wa mjini wakiiona huvuta midomo yao na kuangua kicheko. Akajisikia anasema, "Wote marehemu." Wakampa pole, na yeye akaipokea.

Sasa marehemu alikuwa uani anachambua korosho. Jina lake Adelina. Alikuwa ameshuka kwenye meli ya Lindi katikati ya wiki bila taarifa, kwa kuwa moyo ulimwambia mwanawe anakaribia kuoa. Kasimiri alipanga kumpeleka kwa jirani kabla ya adhuhuri. Angemwambia nini huko njiani, hilo alikuwa hajalipata.

"Jiliwa ya kubania sina," alisema. "Fundi Jamali wa Keko kafunga kibanda."

"Mikono ninayo," alisema Adelina.

Upepo wa uani ungeigandisha sherisi kabla ya wakati, kwa hiyo waliingia sebuleni, chini ya picha ya Malkia wa Uingereza. Kasimiri akapaka, akapachika mguu, akaugonga kwa nyundo. Mama akapiga magoti nyuma ya kiti, akaukumbatia mguu kwa mikono miwili.

"Bana sana, Mama. Usiachie mpaka nikwambie."

Mara, hodi. Wakwe walikuwa wametoka kanisani moja kwa moja. Adelina akauvuta upande wa kanga kwa meno, akaufunika mdomo. Hakuna aliyemwagiza. Kasimiri aliona, akafungua mlango.

Shangazi Kokushubila, mwanamke mzito na miguu inamuuma, alikwenda moja kwa moja kwenye kiti, akakaa. Kiti kilitulia tuli.

"Na huyu mama?" aliuliza Mwalimu.

Adelina aliinua macho, akangoja.

"Anashikilia kiti," alisema Kasimiri. "Sherisi haijakauka."

"Aa," alisema Mwalimu.

Kasimiri akaleta chai, na korosho. Shangazi alizisifu, akasema korosho za namna hii mjini hazipatikani. Halafu akaliuliza jina la marehemu mama, maana haifai kuzungumza ndoa bila kuwaombea waliotangulia.

Kasimiri aliangalia sakafu. "Adelina."

Wakasimama, wakamwombea Adelina raha ya milele na mwanga usiozimika. Nyuma ya kiti, Adelina naye aliitikia amina. Alikuwa mtu wa dini.

Wakati wa sala hiyo kucha zake zilianza kugeuka rangi ya mninga, kisha vidole, kisha nyuzi za mbao zikapanda taratibu mpaka viwikoni. Mwalimu alivitazama vile viwiko, akasema mninga ukikaa huzidi kuiva rangi. Kabla ya kuondoka wakasema Felicitas wamemtoa aolewe.

Walipokwenda zao, Adelina aliuliza, "Wamekupa mke?"

"Wamenipa, Mama."

"Mungu ashukuriwe. Sasa niachie?"

Kasimiri aliutikisa mguu. Sherisi ilikuwa imeshika sawasawa, na yeye alijua. Machozi ya aibu yakamtoka. Alifika mlangoni ili awakimbilie wale watu awaambie. Aliwaona kwa mbali, Shangazi akichechemea, mwavuli wazi. Akafunga mlango.

"Bado kidogo, Mama. Watarudi kwa ajili ya mahari."

Walirudi, wakakaa, kiti kikawabeba. Ikaja harusi. Kufikia hapo Adelina alikuwa mbao mwili mzima, kichwa chake kikiwa pambo juu ya egemeo, na Felicitas aliipenda kazi hiyo. Kila Jumamosi alikipaka kiti mafuta ya nazi. Alilalamika kidogo tu kwamba pale mdomoni vumbi halitoki vizuri. Siku ya Marehemu Wote alitoa sadaka ya misa kwa ajili ya mama mkwe ambaye hakujaliwa kumwona.

Asubuhi, mkewe akiwa jikoni, Kasimiri huinama nyuma ya kiti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Niachie?"

"Bado kidogo."

Siku moja Felicitas aliingia na birika la chai kabla hawajamaliza.

"Nani anauliza?" alisema.

Kasimiri alivitazama vile vidole, vingali vimeubana mguu kama alivyoviagiza. Alifungua mdomo. Palikuwa na nafasi ya kutosha ya kusema.

"Kiti," alisema.

"Aa," alisema Felicitas. "Nilidhani mtu." Akakivuta, akakaa, akammiminia mumewe chai.