Panya wa Kisiwa na Kambere wa Florentine

Kinywa cha Florentine kilijulikana soko nzima ya Butembo. Siku ile Kambere, mutoto wake wa kwanza, alimusomea mu kitabu habari ya panya wa kisiwa fulani walioisha duniani, mama huyu alicheka mpaka kisu kikamuanguka.

"Panya kuisha? Aka! Mwenye kuandika aje aone vile zinamaliza maharagi yangu!"

"Ile ilikuwa ya kisiwa kile tu, mama. Haikuogopa batu. Meli ikaleta panya zingine, na ugonjwa. Mutu mwenye kuigundua, aliporudi kuitafuta, alikuta panya zimejaa. Lakini ile yake, hakuna hata moja."

"Panya ni panya," alisema, akaendelea kumenya viazi.

Kisha vita. Mwaka 2002 Kambere alikuwa anafundisha ngambo ya Beni, barabara ya Mambasa. Waasi wakaingia kule, habari yake ikakatika. Kila magaribi Florentine alimuwekea chakula. Asubuhi kuku wakakila.

Ndipo dereva mumoja wa camion ya mizigo akaleta ujumbe: "Mama, Kambere iko Beni, mu hospitali, kule mutaa wa Ruwenzori. Risasi ya mukono. Anaita mama yake."

Wee, furaha gani! Alibeba shati ya bluu ya mutoto wake, akapanda juu ya magunia akiimba. Hakuuliza Kambere gani. Na wewe, ungeuliza? Kwetu kijana wa kwanza kuzaliwa ndiye anaitwa Kambere, karibu kila nyumba iko na wake. Asithubutu mutu kumucheka.

"Kambere yupi, mama?" muuguzi alimuuliza. "Niko nabo wengi."

Florentine alipita kitanda kwa kitanda, akiangalia sura. Wote waliitika jina. Wake hakuwamo.

"Wamejaa," alisema polepole. "Lakini ile yangu, hakuna hata moja." Muuguzi hakuelewa. Florentine akakaa kando ya kijana wa risasi ya mukono, aliyekuwa anatetemeka kifua wazi.

"Mama, baridi," kijana alisema.

Alimuvalisha shati, akiomba Mungu moyoni ikatae, iwe fupi, ibane mabega. Ilimuenea sawasawa. Hapo Florentine alilia kwa sauti, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kijana alidhani analiliwa yeye. Akamushika mukono.

"Nyamaza, mama," alisema. "Mimi nitapona."